Waliochimba Bushushu na Nyamukubi

Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini, Ziwa Kivu likiwa upande wako wa kulia, unafika Kalehe. Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko katika kijiji cha huko cha Nyamukubi, mvua kubwa ilijaza mito hadi ikavunja kingo. Matope na mawe yakafunika vijiji vya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Pongezi zangu ni kwa wanaojitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo. Siku baada ya siku walichimba kwa mabeleshi, na penye mwili kwa mikono, wasiuumize. Naam, hata maiti walimwonea huruma. Vifaa vilikuwa haba; miili mingine ilifunikwa blanketi tu. Familia zililalamikia makaburi ya pamoja, na zilikuwa na haki, lakini lawama hiyo isiwaangukie hawa. Hawana mshahara, na wengi ni wenyeji: aliyeshika beleshi huenda alikuwa akimtafuta jirani yake.

Kuta za kuzuia maji za New Orleans, Marekani, zilipobomoka kwa kimbunga Katrina mwaka 2005, helikopta ziliwanyanyua watu kutoka juu ya mapaa. Kalehe haikuwa na ukuta wala helikopta. Ilikuwa na vijana hawa.

Nasi wa Bukavu, tunaojenga kwenye miteremko ya Kadutu na Ibanda, tutawahitaji. Wapewe mabuti, glavu na machela sasa, kabla ya mvua za Septemba.