Pongezi kwa Masista wa Mchungaji Mwema wa Kolwezi

Masista wa Mchungaji Mwema, walioanza utume wao Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2012, wanastahili pongezi za dhati kwa kuwafungulia madarasa watoto waliokuwa wakiokota na kuosha mawe ya shaba na kobalti. Mtoto wa miaka 12 aliyecheleweshwa shule na kazi hiyo, anayejifunza herufi pamoja na wa miaka 6, huandamwa kwa urahisi na uonevu, yaani dhihaka, vitisho au vipigo vinavyorudiwarudiwa hadi mwanafunzi avunjike moyo na kuikimbia shule. Kwa hiyo masomo ya kufidia, yaani yale yanayomfikisha haraka kwenye kiwango cha wenzake, humpa ulinzi pamoja na elimu. Mwalimu anayemwita kwa jina lake, na kukemea kicheko mara kinapoanza, humtimizia ahadi ya sheria ya Kongo ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009.