Kila Mtoto na Zamu Yake

Vita vinapofunga shule, watoto hawarudi nyumbani darasa kwa darasa. Wanarudi wote mara moja: anayetamka silabi za kwanza, anayehangaika na hesabu za kugawanya, na yule wa darasa la sita anayengoja mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2025 katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mwaka wa masomo ukiwa umefika katikati. Januari kundi la waasi la M23 liliteka Masisi-centre, kisha Sake na Goma. Machi likaingia Walikale-centre, likaondoka mwanzoni mwa Aprili. Penye mtu mzima anayejua kushika chaki, awe mwalimu aliyekimbia, mama, au yaya aliyefika sekondari, swali likawa moja: siku hii moja nitaigawaje iwatoshe wote?

Nataka kulisifu jibu la swali hilo. Ni ufundi kamili, una kanuni zake, na wanaoujua hawajapewa heshima wanayostahili.

Asiyeujua hugawa siku kwa hesabu: watoto wanne, saa nne, kila mmoja saa yake. Kwenye karatasi mpango huo unapendeza. Nyumbani unavunjika asubuhi ya kwanza, maana mmoja akifundishwa, watatu wanakaa bure, na anayekaa bure humvuruga anayesoma. Fundi huanza kwingine. Hujiuliza nani hawezi kuachwa peke yake, na karibu kila mara ni mdogo asiyejua kusoma. Mkubwa utamwandikia hesabu kumi ubaoni, umrudie baadaye. Mdogo ukimwacha na kitabu, umemwacha na picha tu. Basi saa ya kwanza, akili ikiwa bado haijachoka, ni ya mdogo. Wakubwa wakati huo wanafanya zoezi lililotayarishwa jana yake kabla giza halijaingia. Nusu ya kazi ya ratiba hufanyika watoto wakiwa hawapo mbele ya ubao.

Hapo ndipo inapozaliwa kanuni ambayo kwangu ni nzuri kuliko zote. Mtoto akishajua kusoma, ameiongezea saa nyumba nzima. Hahitaji tena kusomewa swali, na kesho atamsomea mdogo wake. Ndiyo maana fundi hutumia wiki za mwanzo katika kusoma, bila kuona haya kwamba masomo mengine yanasubiri, na huanza na Kiswahili. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika kufundisha, na Kifaransa hufuata. Nyumba yenye watoto wa lugha zote mbili haihitaji masomo mawili. Hadithi moja ya sungura inatosha: mdogo anaisimulia, wa kati anaiandika kwa Kiswahili, mkubwa anaiandika kwa Kifaransa, kisha wanasikilizana.

Nchi nayo ina ratiba yake. Masisi ni milima ya malisho, maharagwe na viazi. Walikale ni msitu, muhogo na mawese, eneo la kilomita za mraba 23,475, kubwa kuliko maeneo mengine yote ya Kivu ya Kaskazini. Kote huko mvua ni nyingi, na ikipiga mabati sauti ya mwalimu haifiki popote. Kwa hiyo kusoma kwa sauti na nyimbo huwekwa asubuhi. Alasiri, mvua inapozoea kuja, ni saa ya mwandiko na hesabu. Siku ya soko na siku za palizi somo hufupishwa, halifutwi. Ratiba isiyoheshimu jembe na mtungi wa maji haimalizi wiki.

Pana hatari moja ambayo fundi mwema haisahau. Yule dada mkubwa, ambaye tayari anapika na kubeba mtoto mgongoni, hugeuzwa msaidizi wa mwalimu mpaka watu wanasahau kwamba naye ni mwanafunzi. Kumfundisha mdogo kunamkomaza, lakini hakumfikishi kwenye mtihani wake. Ni lazima awe na saa isiyoguswa, ambapo kijana mwingine anashika sufuria na mtoto. Mimi huipima ratiba yoyote kwa saa hiyo: kama haimo, mpango wote umejengwa juu ya mgongo wa msichana mmoja.

Ufundi huu una ukoo mrefu. Katika vyuo vya Kurani vya Lamu na Zanzibar, watoto wa umri tofauti walikaa pamoja, kila mmoja na mahali alipofika, wakubwa wakiwasikiliza wadogo. Kolombia, tangu miaka ya 1970, Vicky Colbert na wenzake walijenga mfumo wa Escuela Nueva kwa shule za vijijini: vijitabu vya mwongozo humwezesha mtoto kusonga mbele kwa mwendo wake. Kongo yenyewe ina vituo vya kufidia masomo, ambavyo hubana miaka 6 ya shule ya msingi ndani ya 3 kwa walioikosa shule. Vyote vinasimama juu ya jambo lile lile: mwalimu hugawa uangalizi wake kwa makusudi, akijua nani anamhitaji sasa na nani anaweza kungoja.

Wanaopeleka madaftari na chaki sehemu kama Kitchanga, Nyabiondo, Pinga au Kibua, huko Masisi na Walikale, wanatenda jema. Waongeze na hili: wawakutanishe mafundi hawa na walimu vijana, ili mafundi wawafundishe vijana kupanga zamu. Shule zinapofunguliwa tena baada ya vita, benchi moja hukaliwa na aliyekosa mwaka mmoja na aliyekosa mitatu. Hawawezi kufundishwa kana kwamba wote walitoka ukurasa mmoja, na wanaojua namna ya kuwafundisha tayari wanaishi hapo hapo kijijini.