Kinyama Huinuliwa Kwanza

Daktari aliyebobea hakimbilii kukata kinyama kikubwa kilichoota ndani ya utumbo mpana. Hukiosha kwa maji, akakizunguka kwa kamera iliyo kwenye ncha ya mpira na kuukagua uso wake: mikunjo, mishipa, sehemu iliyozama. Ukuta wa utumbo una unene wa milimita chache tu, ilhali kinyama huweza kupita milimita 20. Mkono ukiteleza, utumbo unatoboka.

Ndipo inapokuja hatua ninayoistaajabia kuliko zote. Kwa sindano nyembamba inayopita ndani ya mpira huo huo, anadunga maji yenye rangi ya buluu chini ya kinyama. Polepole kinatuna kama chapati kikaangoni, kikiachana na msuli ulio chini yake. Kikigoma kuinuka, huenda pana kovu au saratani imekwishapenya, na fundi wa kweli husita hapo. Kikiinuka, kitanzi cha waya kinakizunguka na kukaza, umeme unapita. Kilicho kikubwa sana hukatwa vipande vipande, bila kuacha hata kisiwa kidogo cha nyama.

Halafu kingo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kuziunguza kidogo kingo za kidonda kulipunguza kuota upya kutoka asilimia 21 hadi 5 hivi. Ni dakika chache za subira, na zina thamani kubwa! Damu huweza kuvuja siku kadhaa baadaye, na mgonjwa hutakiwa kurudi kukaguliwa baada ya miezi 6 hivi. Hata hivyo, tumbo halikupasuliwa. Kabla ya madaktari William Wolff na Hiromi Shinya kuanza kazi hii New York mwaka 1969, kinyama kilichokaa mbali ndani kilihitaji kisu.

Kanda ya Ziwa inauhitaji sana ustadi huu, kwani kinyama kikiachwa huweza kugeuka saratani. Madaktari wa hospitali ya Bugando jijini Mwanza waliandika mwaka 2013 kwamba wagonjwa wao wengi wa saratani ya utumbo mpana walifika ugonjwa ukiwa umesonga mbali. Safari nayo ilichelewesha: zamani mtu wa Sengerema aliyekwenda huko alisubiri kivuko Busisi. Tangu Juni 2025, daraja la kilomita 3 linamfikisha Kigongo kwa dakika chache, kisha Mwanza.

Basi tuache kuiita kila damu ya chooni bawasiri; huenda inatoka kwenye kinyama au saratani. Ukiiona, hasa kama umefikisha miaka 45 au una ndugu aliyeugua saratani hii, mwulize daktari kuhusu kipimo cha kamera.