Kijiko cha Hamira Siku ya Nne

Mazuri yalikuwepo kwenye video ya mwokaji wetu wa Kihonda, Morogoro, anayefuga chachu yake ya mkate; niyaseme upesi: atta isiyokobolewa, unga na maji uzito sawa kwenye mizani, raba ya kuonyesha chachu imepanda hadi wapi, maji ya bomba yaliyolazwa wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Basi. Tuje kwenye kijiko.

Video mmeiona. Siku ya pili chachu ilipanda hadi shingoni mwa chupa, mwokaji akashangilia. Siku ya nne ikalala: mapovu mawili matatu, maji juu, harufu ya soksi. Akatangaza imekufa, akaitilia kijiko cha hamira ya chenga. Ikafurika, na watazamaji wakamjazia makofi. Mimi nilizima simu.

Haikuwa imekufa. Ule mpando wa siku ya pili kwa kawaida si kazi ya hamira kabisa. Ni bakteria wa mwanzo waliokuja na unga, akina Leuconostoc, wenye gesi nyingi na maisha mafupi. Uchachu ukizidi, wanashindwa. Wanaoustahimili wanashika zamu, na hamira za asili, ambazo bado ni chache, zinaanza kuongezeka polepole. Kimya kile ndicho hatua yenyewe. Alitakiwa amwage sehemu kubwa, abakize kidogo, alishe unga mpya, asubiri. Kwa joto la Morogoro mjini hangesubiri sana; angekuwa Nyandira kwenye baridi, ningemwonea huruma kidogo.

Yeye kamwaga jeshi la kiwandani, lililofugwa kwa kasi ya kuumua, ndani ya chombo kichanga. Litakula sukari yote, litaumua mkate wowote wa wiki hiyo, na hatajua ya kwake ilikuwa hai au la. Tena hamira ya pakiti mara nyingi haidumu kwenye uchachu mkali. Ikitoweka, chupa italala tena, na kijiko cha pili kinakuja.

Nimeshaandika hapa jinsi pakiti ilivyotuharibia hata vitumbua, na sitaacha. Watengeneza togwa wa zamani hawakuwa na pakiti wala raba. Uji ukishapoa kiasi cha kidole kuvumilia, kimea cha ulezi kinaingia, kisha togwa kidogo ya jana. Kimea kinavunja wanga kuwa sukari. Ya jana inaleta vijidudu vilivyokwisha kuzoea uchachu. J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), hapo hapo Morogoro, na wenzake walichapisha mwaka 2003 walichokikuta ndani ya togwa: Lactobacillus plantarum kwa wingi, na hamira kama Issatchenkia orientalis. Ndiyo, Saccharomyces cerevisiae naye yumo, msiniandikie barua. Huyo alijileta mwenyewe, hakutoka kwenye pakiti.

Kama haraka ilimzidi, angetia siku ya kwanza kijiko cha togwa isiyochemshwa tena, uchachu upande mapema na wale bakteria wa fujo wa mwanzo wakose nafasi. Au achanganye unga wa ulezi kutoka soko la Kingalu, ambao unafika na wakazi wake.

Sasa nasikia anawagawia majirani vijiko vya chupa ile. Ukipewa, pikia maandazi Jumapili hiyo hiyo, kisha osha chombo.