Makro ya Nambari za Kirumi: Ilmu Ikae Jedwalini

Historia ya Kanisa Katoliki kandokando ya Mlima Kenya ina miaka yake mashuhuri: Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902; Nyeri ikawa jimbo mwaka 1953, na jimbo kuu mwaka 1990. Katibu wa parokia atakaye kuiandika miaka hiyo kwa nambari za Kirumi aweza kuitumia fomula ya ROMAN iliyomo tayari katika Excel. Walakini apendaye kufahamu atafaidika zaidi kwa kuiunda makro yake mwenyewe, maana kazi hiyo ndogo yafundisha kanuni kubwa ya uprogramu, kwamba ilmu ikiwekwa jedwalini, amri huwa chache.

Anayeanza aghalabu huziorodhesha herufi saba, M, D, C, L, X, V na I, kisha akaiamuru kompyuta itoe thamani iliyo kubwa kwanza. Kwa 1902 hupata MDCCCCII, na jibu sahihi ni MCMII. Hapo huanza kulimbikiza masharti ya 4 na ya 9, ambayo hana budi kuyarudia katika mamoja, makumi na mamia, hata makro ikarefuka na kosa likapata pa kujificha.

Njia iliyo bora ni kuzihesabu jozi sita, CM, CD, XC, XL, IX na IV, kuwa alama kamili zenye thamani zake, 900, 400, 90, 40, 9 na 4, na kuzichanganya na zile saba katika jedwali la mistari 13, kutoka kubwa hadi ndogo. Kanuni inabaki moja: maadamu kilichobaki hakipungui thamani ya mstari, andika alama yake, toa thamani hiyo, urudie; kikipungua, shuka mstari unaofuata.

Tuijaribu 1953. Twaandika M, inabaki 953. Twaandika CM, inabaki 53. Mistari minne yapitwa, L yaandikwa, inabaki 3, nayo ni I mara tatu: MCMLIII. Lau 500 ingalitangulia 900, tungalipata MDCDLIII. Kwa hiyo mpango wa mistari ndio unaobeba sheria. Kadhalika, mstari wa 4 ukishapita hapabaki kinachofikia 4, ndiyo maana IIII haiwezi kutokea.

Mipaka nayo ilindwe kabla ya hesabu kuanza, kwani sifuri ingerudisha jibu tupu, na 5000 ingerudisha MMMMM, ilhali kawaida hukoma 3999. Tena, kiingizo kikitangazwa kuwa cha aina ya Long, yaani nambari nzima, 1953.6 hugeuka 1954 kimyakimya. Basi kipokewe kama kilivyo, na kikiwa na desimali kikataliwe.

Ithibati ya kazi i karibu: andika 1 hadi 3999 katika safu moja, makro katika ya pili, ROMAN katika ya tatu, uzilinganishe zote. Anayeifahamu kanuni hii ataitumia hata katika hesabu za chama cha ushirika cha kahawa, ambako bei za madaraja ya kahawa, AA, AB na PB, zikikaa jedwalini, mabadiliko ya msimu husahihishwa katika mstari mmoja, pasipo kuzigusa amri zilizokwisha kuthibitishwa.