Sifa za Mratibu wa Siku ya Daino

Mpenda magari wa Nairobi hachoki kusimulia injini yake. Mapenzi haya yana mizizi. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiwa na Subaru Impreza, na baadhi ya watoto waliosimama kando ya barabara zile za vumbi ndio leo wanaomiliki Subaru zao wenyewe. Wanajua sauti ya kila ekzosi. Wasichokijua ni nguvu halisi inayofika kwenye tairi, na hiyo hujulikana gari likipanda daino.

Daino ni rola nzito zilizounganishwa na kompyuta. Magurudumu huzizungusha, kompyuta ikapima zinavyoongeza kasi, na kwa kuwa uzito wa rola unajulikana, nguvu ya gari hukokotolewa humo. Wazo lenyewe ni la kale. Mfaransa Gaspard de Prony alipima injini kwa breki ya kubana mhimili mwaka 1821, na Mwingereza William Froude akaja na breki ya maji mwaka 1877. Mitambo hiyo imeshasifiwa vya kutosha. Mimi namsifu mtu anayekusanya wapenda magari kumi na watano siku moja, kila mmoja akarudi nyumbani na kipimo cha haki.

Kazi yake huanza wiki kadhaa kabla. Anauliza gereji kama rola zao ni za ekseli moja au mbili, maana Subaru inayosukumwa na magurudumu yote manne haipandi rola za ekseli moja. Anakusanya malipo mapema kwa M-Pesa, kwa kuwa asiyelipa huweza kulala siku ile na kupoteza nusu saa ambayo mwenzake aliihitaji. Kisha anapanga foleni, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Magari yenye urefu unaolingana kati ya ekseli huwekwa pamoja ili rola zisisogezwe kila mara. Lililotoka safari ndefu hupewa muda wa kupoa, kwa sababu injini iliyochemka hunyonya hewa moto na kutoa nguvu pungufu. Mwenye gari anaweza kudhani amewekwa nyuma kwa kuonewa, kumbe analindwa.

Asubuhi yenyewe utamkuta amechuchumaa. Anachokoa kokoto kwenye mifereji ya tairi kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, kwa kuwa kokoto ikirushwa na gurudumu linalozunguka kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa inaweza kumtoa mtu jicho. Anapima upepo wa kila tairi. Anafuata mikanda ya kufungia gari kwa mkono, mmoja mmoja, akihakikisha ndoano imeshika chasi au jicho la kuvutia gari, wala haikushika vyuma vya suspensheni. Anaivuta, anaitikisa, anarudi kuivuta tena. Watazamaji wanakaa ubavuni, kamwe si mbele wala nyuma ya gari, na feni ya kutoa moshi nje inawashwa kabla ya injini.

Halafu kuna suala la hewa, ambalo kwa Nairobi ni zito kuliko yote. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo la hewa Mombasa ni kama kilopaskali 101. Nairobi ni karibu 83. Injini isiyo na turbo hukosa hapa karibu moja ya tano ya hewa ambayo ingeipata pwani, na nguvu hupungua kwa kiasi hicho. Kanuni ya Marekani iitwayo SAE J1349 husahihisha kipimo kana kwamba gari lilipimwa kwenye kilopaskali 99 na nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa injini ya kawaida sahihisho hilo lina maana. Kwa injini ya turbo linaweza kupotosha, kwa sababu turbo hujitafutia hewa yenyewe na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Ukiizidishia asilimia 20, nguvu farasi 250 zinageuka 300 bila bolti hata moja kuguswa. Mratibu mwaminifu huagiza karatasi ionyeshe vipimo vyote viwili, kabla na baada ya sahihisho, hata kama wenye turbo wananuna.

Minuno mingine inatoka Japani. Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wa huko walikubaliana kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu farasi 280. Kwa hiyo baadhi ya magari yaliyopitia bandari ya Mombasa yana karatasi zinazosema 280 ilhali injini ilikuwa na zaidi. Zaidi ya hayo, 280 hizo zilipimwa kwenye injini. Giaboksi na difu hula sehemu yake kabla ya nguvu kufika kwenye rola. Mratibu hulieleza hili asubuhi, kabla injini ya kwanza haijawashwa, ili kijana anayeona 210 asidhani fundi wake alimwibia.

Ujasiri wake huonekana gari likiwa linanguruma. Macho yake yako kwenye uwiano wa hewa na mafuta. Petroli huungua kikamilifu kwa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya mafuta, lakini injini ya turbo ikikanyagwa hadi mwisho huhitaji mafuta mengi zaidi, karibu 12 kwa moja, ili pistoni zisiyeyuke. Namba ikianza kupanda kuelekea 14, anainua mkono na dereva anaachia mafuta. Mwenye gari amelipa na rafiki zake wanatazama, lakini mkono ule hauombi ruhusa ya mtu.

Waratibu ninaowaheshimu zaidi wana gari la kulinganishia: Corolla tulivu, isiyoongezwa chochote, inayopanda rola asubuhi, adhuhuri na jioni. Ikitoa nguvu ileile mara tatu, vipimo vya siku nzima vinaweza kulinganishwa. Ikiwa imeshuka mchana, joto limeingilia, na aliyepanda saa nane hakupimwa sawa na aliyepanda saa tatu. Kwa hiyo karatasi hazigawiwi mpaka Corolla ishuke mara ya mwisho. Tofauti ikionekana, mratibu huiandika kwa kalamu juu ya karatasi ya kila mtu, pamoja na joto na kanieneo la hewa la saa ile gari lake lilipopanda.