Dhahiri na Batini ya Gitaa

Busia ni jina la miji miwili, mmoja wa Kenya na mwingine wa Uganda, na mgeni ashukaye pale kwa mara ya kwanza, aonapo malori yaleyale yamejipanga barabara moja, wauza samaki walewale, na Wasamia wanaoamkiana kwa lugha moja huku na huku, hudhani kwamba kinachoitenganisha ni kizuizi cha chuma na bendera mbili. Walakini mwenyeji ajua kwamba mwendo wa hatua chache tu waigeuza shilingi isiwe shilingi ile, sheria isiwe sheria ile, na kitabu cha shule kisiwe kitabu kile. Nimekulia katika elimu hiyo ya mpakani, nami nilijihesabu hodari wa kupambanua dhahiri ya kitu na batini yake. Hata hivyo, siku niliyonunua gitaa la umeme nilidanganyika kama mtoto.

Lilikuwa zuri mno. Kifua chake kilikuwa na rangi ya asali katikati, ikikolea polepole kuelekea ukingoni hata ikawa nyekundu ya kaa la moto, na chini ya rangi hiyo ua la mbao lilijikunja mawimbi mawimbi, mithili ya ziwa lipigwapo na upepo wa asubuhi. Mchuuzi, ambaye sina haja ya kumtaja, aliniapia kwamba ni lilelile walilolipiga mastadi wa Marekani. Nikalifunga mgongoni, nikapanda boda boda, neno ambalo mji wetu uliipa Afrika Mashariki nzima tangu zamani za vijana wa baiskeli waliowavusha wasafiri kutoka mpaka hadi mpaka, kisha nikashika teksi ya Tororo, kwa fundi mmoja wa redio ambaye vikundi vya muziki na makanisa ya huko humpelekea vyombo vyao vikiugua. Hakulitazama kwanza. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaligonga tena mahali pengine, akasikiliza, kisha akafungua skrubu, akachungulia ndani ya shimo la pikapu (si gari la kubebea mihogo, bali ile sumaku iliyozungushiwa waya ambayo huyasikia matetemeko ya nyuzi na kuyapeleka kwenye spika), akanigeukia kwa upole akasema, "Mwalimu, umenunua picha."

Na kweli ilikuwa picha. Ua lile halikuwa la mti wowote; lilichapishwa kwenye karatasi nyembamba, likabandikwa juu ya ubao wa matabaka na kufunikwa kwa vanishi.

Ili msomaji aelewe ukubwa wa kosa langu, imenilazimu nimrudishe nyuma hata mwaka 1952, pale kampuni ya Gibson, katika mji wa Kalamazoo, ilipotoa gitaa lililopewa jina la mpigaji Les Paul, mwili wake ukiwa wa mahogani uliovikwa juu kifua cha mti mgumu wa mepo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, gitaa hilo likapata ndugu wawili wasiofanana. Mmoja, Custom, alivikwa kama bwana harusi: mweusi wa kung'aa, vyuma vyake vya rangi ya dhahabu, ukingo wa tabaka juu ya tabaka, na mapande ya lulumizi yakitiwa shingoni juu ya abunusi. Wa pili, Junior, aliyekusudiwa wanafunzi, hakupata kifua kilichochongwa wala ukingo. Alikuwa ubao bapa wa mahogani, pikapu moja tu, na vitone shingoni mahali pa lulumizi. Mtu atazamaye kwa macho angeapa kwamba wa kwanza ana kila alichokosa wa pili. Walakini chini ya weusi ule wa Custom mlikuwa na mahogani tupu, bila kile kifua cha mepo alichokuwa nacho kaka yao wa mwaka 1952, aliyeuzwa kwa bei ya chini kuliko yeye, na yule Junior maskini, kwa sauti yake kavu iumayo, alikuja kuchaguliwa na wapigaji wa kupigiwa mfano, kama Leslie West, ambao wangeweza kununua lolote walitakalo.

Sisemi kwamba nakshi za Custom zilikuwa hadaa. Lulumizi haikudai kuimba; ilidai kupendeza, na ahadi hiyo ikaitimiza. Karatasi yangu ilijifanya mti.

Upande wa pili wa Marekani, katika mji wa Fullerton huko California, alikuwako Leo Fender, ambaye fundi wangu humtaja kwa heshima ya jamaa wa kazi, kwa sababu naye alianza kwa kutengeneza redio, na kwa sababu, jambo ambalo hunifurahisha kila nilikumbukapo, hakujua kupiga gitaa. Labda ndiyo maana alilitazama kama fundi atazamavyo mashine: shingo hakuigundisha kwa gundi kama walivyofanya Gibson, aliikaza kwa skrubu nne, ili ikiharibika itolewe na kuwekwa nyingine. Stratocaster yake ya mwaka 1954 ilikuwa na shingo ya mepo mtupu; mwaka 1959 ikavikwa ubao mweusi wenye wekundu, ambao, ajabu, ni wa jamii moja na mpingo wetu, ilhali abunusi ya Gibson, inayofanana na mpingo kwa weusi, si ndugu yake hata kidogo. Ama rangi, Fender alizichukua katika mikebe ya rangi za magari za DuPont, nyekundu iliyopakwa gari la Ford Thunderbird, buluu iliyopakwa Cadillac, na kwa hiyo kijana wa Busia anayempelekea mpulizaji rangi wa matatu gitaa lake likapakwe upya asichekwe, maana afuata sunna ya mwanzilishi.

Bado kuna tofauti moja ambayo jicho haliioni upesi, lakini kidole huijua kabla ya akili. Uzi wa Fender, toka kidaraja cha juu hata cha chini, una urefu wa milimita 648. Wa Gibson una 628. Tofauti ni upana wa kidole gumba. Walakini uzi mrefu, ili utoe sauti ileile, hauna budi kuvutwa kwa nguvu zaidi, na uzi uliokazwa hivyo hulia kwa ukali wa kengele na humpinga anayetaka kuupinda, ilhali ule mfupi hulegea chini ya kidole na kutoa sauti nene ya mviringo.

Nilipokuwa nikiyasikiliza hayo kinywani mwa fundi wangu nilikumbuka kwamba kwetu elimu hii si ngeni. Jopadhola wa Tororo wana tongoli; jamaa zao Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane; Waluhya wana litungu; na Waiteso, waliokatwa na mpaka wakabaki pande zote mbili, wana adeudeu. Mgeni huviita vyote zeze, akaridhika. Lakini katika nyatiti na wenzake nyuzi hulala juu ya ngozi zikipita kwenye kidaraja hadi mti uliokingama, ilhali katika adeudeu huchomoza kutoka ngozini na kupanda hadi kwenye shingo iliyopinda kama upinde, nayo ni tofauti ya jengo, haifutiki kwa rangi wala kwa ushanga. Kinachonishangaza zaidi ni pambo. Mpiga nyatiti huketi juu ya kigoda, chombo kikiwa kimelala ubavu, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Mtazamaji akadhani ni vito, kumbe njuga ndizo ngoma yake, na ile pete hugonga mti wa chombo ikishika mwendo. Hata ule mvumo wa nyuzi kama nyuki, ambao sikio lililozoea piano litauita kasoro, hutafutwa kwa makusudi pale kidarajani, kwenye unyasi na nta. Katika chombo hicho hakuna pambo bubu, na kwa maoni yangu, ambayo wapenda magitaa watanisamehe, mafundi wa Gibson hawajafika hapo hata leo.

Fundi wangu, aliyelelewa akiisikia tongoli kabla ya redio, hakunishauri nilitupe gitaa langu. Alisema ubao wa matabaka si dhambi, bali ulegevu ndio dhambi. Akanionyesha jinsi shingo ilivyocheza katika tundu lake, skrubu zikiwa zimekaza hewa. Akakata kibanzi cha mvule, chembamba kama ukucha, akakisugua kwa msasa mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, akikijaribu na kukitoa, hata shingo ikaingia kwa kusukumwa na kiganja na isitikisike tena. Kisha akang'oa kile kidaraja cha juu cha plastiki, akachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe aliokuwa ameuchemsha na kuuanika, akafungua mifereji sita kwa tupa, kila mmoja kwa unene wa uzi wake, akipuliza vumbi na kunyamaza. Kazi hiyo ilimchukua mchana mzima. Malipo aliyodai yalikuwa machache mno, nami nikaona haya kuyapokea mabaki.

Sasa gitaa hilo lapigwa kila Jumapili katika kanisa moja upande wa Kenya, likishika solo, na halijalegea. Ile karatasi yenye ua la mti usiokuwapo ingali juu ya kifua chake. Fundi aliniuliza kama nataka aibandue, nikamwambia aiache.